Jibu: Seli za glia kazi yake kushikilia nyuroni tu?
Hapana mkuu, hiyo ya kwamba glia (seli za ubongo ambazo si nyuroni) zipo kuzishikilia na kuzilisha nyuroni (seli zinazopeleka ujumbe) tu ishapitwa na wakati. Mcheki Ben Barres wa Stanford, alianza kama daktari wa magonjwa ya ubongo ndo akaingia maabara. Timu yake walikuza nyuroni za jicho la panya bila glia, zikaishi vizuri tu ila sinapsi, yaani pale nyuroni zinapopeana ujumbe, zikawa chache mno, wakaweka astrosaiti (aina moja ya glia) sinapsi zikaongezeka kama mara 7, hiyo ilitoka 2001. 2005 wakaonyesha astrosaiti zinatoa protini inaitwa thrombospondini, na yenyewe inachangia kuzijenga sinapsi. Nyuroni nazo zinaongea, zikimwaga glutameti (kemikali ya kupeana ujumbe) astrosaiti zinaipokea na kalsiamu inapanda ndani yake.

Ila kinachonigusa zaidi ni ya 2007, mtafiti Beth Stevens akiwa kwenye maabara ya Barres, yeye na wenzake wakakuta C1q, protini ya kinga ya mwili kabisa, inahusika kuondoa sinapsi zisizohitajika kwenye ubongo unaokua, na baadaye kwa panya wenye Alzheimer wakaona njia hiyohiyo inawashwa tena, maikroglia (glia za kinga za ubongo) zinakula sinapsi mapema kabisa. Barres alifariki 2017, wanafunzi wake bado wanaiendeleza kazi hiyo.