Muvi na sirizi za kutazama na mwenza wako bila simu kuwaamulia

Mkuu, umesema wewe na shemeji mna wiki mbili za kukaa nyumbani, mnataka muvi na sirizi za kutazama pamoja, ila kila mkianzisha kitu nusu saa haiishi mmoja anachati, mwingine anakoroma. Nakujibu kwa yale niliyoyatazama mwenyewe, maana kwangu hali ilikuwa hiyohiyo kwa miaka.

Kosa letu lilikuwa kuchagua muvi kwa kelele. Tuliamini magari yakilipuka hakuna atakayelala. Kumbe muvi ya milipuko ndiyo rahisi kuifuata kwa masikio: unasikia risasi, unaendelea kujibu meseji, unainua macho pale stelingi anapotoka kwenye moshi, na hujapitwa na kitu. Kilichotutibu ni lugha tusizozijua. Filamu ya Kiajemi au ya Kikorea yenye maandishi chini ya skrini haina huruma. Ukichungulia simu sekunde kumi, umeachwa. Bong Joon-ho, mwongozaji wa filamu wa Korea Kusini, alipopewa tuzo ya Golden Globe Januari 2020 aliyaita maandishi hayo kikwazo cha inchi moja tu, ukishakiruka unakutana na filamu nyingi nzuri. Mimi naongeza: kikwazo hicho ndicho kilichoinyang'anya simu nafasi yake sebuleni kwangu.

Anzeni na Children of Heaven ya Majid Majidi, kutoka Iran, 1997. Ni dakika 89, kwa hiyo hata mchovu anaimaliza. Mtoto wa kiume, Ali, anapeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, vinapotea akiwa njiani kurudi. Nyumbani hakuna hela, naye anaogopa kusema. Wanakubaliana kwa siri watumie raba za Ali wote wawili: Zahra anasoma asubuhi, akitoka darasani anatimua mbio hadi uchochoroni, wanabadilishana, Ali naye anatimua mbio kuwahi zamu ya mchana. Stori ndiyo hiyo. Kuna mahali kiatu kinamvuka Zahra, ni kikubwa kwake, kinadumbukia kwenye mfereji wa maji na kuanza kwenda na mkondo. Anakikimbiza, anainama, kinamponyoka, kinasonga tena. Hakuna jambazi wala bomu, ni raba tu inayoelea, lakini mke wangu alikuwa amesimama wima mbele ya TV anasema "kamata, kamata!" Simu yake iliita na hakuisikia.

Mkishazoea kusoma, wekeni A Separation ya Asghar Farhadi, ya 2011, Iran vilevile, iliyochukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Inaanza na mume na mke wamekaa mbele ya hakimu wa talaka, wanatazama kamera moja kwa moja. Hakimu humwoni. Umekalishwa wewe kwenye kiti chake, na hukumu unaachiwa wewe kwa saa mbili nzima. Mume hataki kumwacha baba yake mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, mke anataka waondoke nchini na binti yao. Halafu linatokea tukio fupi mlangoni, la sekunde chache, na kuanzia hapo kila mtu ana haki na kila mtu amedanganya kidogo. Sisi tulizima TV tukaanza kubishana. Mimi nilikuwa upande wa mume. Kufika saa saba usiku nilikuwa nimehama, mke wangu naye amehamia nilikotoka. Ila kama mna mgogoro wa kweli ndani ya nyumba, irukeni kwanza. Nasema kwa nia njema.

Parasite ya huyohuyo Bong, ya 2019, bila shaka mmeisikia, ndiyo filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora. Sitaisimulia. Hesabuni tu ngazi: nani anapanda, nani anashuka, na siku ya mvua wanashuka hadi wapi. Watoto wasiwepo.

Na The Lives of Others ya Ujerumani, 2006. Afisa wa usalama wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1984, anakaa darini na vipokea sauti masikioni, anasikiliza maisha ya mwandishi wa tamthilia anayeishi chini yake. Ulrich Mühe anaigiza kwa uso mkavu kama ukuta, na bado unaona ukuta unapata ufa. Inakwenda polepole, hilo nakiri, lakini vumilieni, msizime hadi neno la mwisho kabisa.

Sasa tahadhari ya kifundi, maana iliniharibia usiku mzima. Niliwahi kuweka filamu ambayo maandishi yake yalikuwa ya toleo jingine, yakawa yanatangulia kwa sekunde mbili hivi. Nilikuwa najua mtu atajibu nini kabla hajafungua mdomo. Mtu anasoma barua, mimi nimeshaona kilio chake. Dakika arobaini nilidhani ndio mtindo wa mwongozaji! Kama mnatumia VLC, ile programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha, kila kubonyeza ni milisekunde 50. Nilibonyeza mara 40 na dunia ikakaa sawa.

Na ukiwa kwenye mipangilio ya TV, zima ule ulainishaji wa mwendo wa picha. Sinema kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde, TV za kisasa zinajitungia picha za kati, na matokeo yake filamu ya mamilioni inaonekana kama imerekodiwa harusini. Kila kampuni inaupa jina lake, ila kama TV yako ina kitu kinaitwa Filmmaker Mode, washa hicho kinakumalizia kazi. Hata Tom Cruise mwaka 2018 alitoa video nzima kuwaomba watu wauzime. Yule mtu anayening'inia kwenye ndege, kero yake ni rimoti zetu.

Ya Kiingereza nitakayokupa kwa moyo wote ni moja, 12 Angry Men ya Sidney Lumet, 1957. Nyeusi na nyeupe, dakika 96, wanaume kumi na wawili, raia walioitwa na mahakama, chumba kimoja wakiamua kama kijana ahukumiwe kifo. Najua ukisikia "nyeusi na nyeupe" umeshachoka. Mpe Lumet dakika ishirini tu. Kamera inaanza juu ya vichwa vyao, kadiri joto na ugomvi vinavyopanda yenyewe inashuka, mwishoni unawatazama kutoka chini na dari limewakalia vichwani. Hutaligundua hilo mara ya kwanza, utahisi tu kwamba chumba kinakubana. Na siku mkichoka kusoma kabisa, ipo Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ni Kiswahili, mtasikiliza tu.

Kwenye sirizi nina sharti moja: ianze na iishe. Niliwahi kufuatilia moja misimu mitatu, ikakatwa katikati mtu akiwa amenyooshewa bastola, na mpaka leo sijui kama alipona. Tangu siku hiyo natazama zilizokwisha tu.

Kwa wiki mbili, Chernobyl ya 2019, ya ile ajali ya kinu cha nyuklia, inatosha mno: episodi tano basi. Kinachotisha si moto wala wagonjwa. Kinachotisha ni kipimo cha mionzi. Usiku wa ajali, kile walichonacho mkononi mwisho wake ni roentgen 3.6, kinasoma 3.6, nao wakubwa wanaandika 3.6 kana kwamba ndicho kiwango chenyewe. Nilikaa nikakumbuka ripoti ngapi nimeziona ofisini za namna hiyo. Ila msiichukue yote kama historia. Yule mwanasayansi wa kike, Khomyuk, ametungwa kuwawakilisha wanasayansi wengi, na sirizi yenyewe inakiri hivyo mwishoni. Na msiitazame mkila.

Mtu atakuja hapa chini kukwambia The Wire, sirizi ya polisi na wauza dawa za kulevya. Ana haki, lakini hakwambii ukweli wote. Ni episodi 60, misimu mitano, na mimi niliiacha mara mbili kabla haijanikamata. Majina ni mengi, polisi wanaongea kipolisi, vijana wanaongea kimtaani, na hakuna anayekueleza chochote. Mara ya tatu nilifika episodi ya tatu, pale kijana mmoja anawafundisha wenzake chesi kwa kutumia biashara yao ya mtaani: huyu mfalme hakimbii sana kwa sababu watu wake wanamfanyia kila kitu, na hawa wadogo wa mbele ndio wanaokufa mapema. Unawatazama wale vijana, unajua wamejielewa wao ni kete zipi. Kama hapo hapajakushika, achana nayo, haitakushika. Kwa wiki mbili chukueni msimu wa kwanza tu, episodi 13. Una mwisho wake.

Breaking Bad itakulaza saa kumi alfajiri siku zote kumi na nne, episodi 62, ndiyo maana kwenu siipendekezi, ingawa ni nzuri kuliko sifa zake. Ihifadhini.

Kwa siku ambayo hamna nguvu ya chochote, Mr. Bean yule wa mtu halisi, si katuni. Watu wanadhani viko mamia, kumbe vipindi vyenyewe ni 15. Haongei sana, kwa hiyo hapa pia macho lazima yawe kwenye skrini.

Leo usiku wekeni ile ya viatu. Simu zote mbili ziwe chumba kingine, maandishi yajaribiwe mapema kabla shemeji hajakaa. Ukifika pale kwenye mfereji urudi uniambie nani alisimama.