Kaboni ya mtumba na milima yetu: maswali yenu

Tangu nigusie baiskeli za triathloni (mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia), zile zenye pembe mbili mbele za kulalia viwiko na nyingi zenye fremu ya kaboni, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, simu yangu haitulii. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo fundi. Nimepata fremu ya kaboni Dar, muuzaji anasema ni "saizi 54". Mimi nina sentimita 170. Itanitosha? (Soweto, Mbeya)

Marahaba. Hiyo 54 usiitegemee. Kila kiwanda hupima kivyake, na 54 ya huyu yaweza kuwa 52 ya yule. Mwombe muuzaji vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo: kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono ya pedali) kwenda juu wima, mpaka usawa wa mdomo wa bomba linaloshika uma wa mbele. Cha pili ni kutoka ekseli hiyohiyo kwenda mbele, mlalo, mpaka hapohapo mdomoni. Akiegemeza baiskeli ukutani, timazi na pimamaji za mwashi zinatosha. Kwa namba hizo mbili unaweza kulinganisha baiskeli yoyote na nyingine.

Wewe nawe jipime. Simama pekupeku ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja kama vile umekalia kiti, weka alama juu ya kitabu, pima mpaka sakafuni, kisha zidisha urefu huo wa mguu kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unakupa kiti chenye kimo cha kama sentimita 70.6 kutoka ekseli. Hapo ni pa kuanzia tu. Kwenye triathloni kiti hukaa mbele zaidi ili nyonga isijibane ukilala: bomba lake huwa na nyuzi 76 hadi 80, wakati baiskeli ya kawaida ya mbio za barabarani ina 72 hadi 74.

Halafu kagua shingo ya uma, bomba lake linalopanda mpaka kwenye usukani. Mwenyewe wa kwanza akiwa mtu wa kiuno chepesi, huikata ili usukani ushuke, na ikishakatwa haiongezeki. Omba picha ya pete zilizo chini ya usukani. Kama hakuna hata moja na kimo cha fremu ni kifupi kwako, iache hata kama bei ni tamu.

Ukiipanda, lala kwenye pembe dakika 10 nzima, maana dakika ya kwanza kila baiskeli ni nzuri. Mtu akurekodi kwa simu ubavuni. Kiwiko kiwe karibu pembe mraba, goti libaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini, nyonga zisiyumbe. Ukijikuta unateleza kila mara kuelekea ncha ya kiti, usukani uko mbali mno.

Nitajuaje kama kaboni imepasuka? (Kihesa, Iringa)

Chuma hupinda kwanza, ukaona. Kaboni haikupi taarifa hiyo. Osha fremu, washa tochi, pita nyuma ya bomba la mbele, kuzunguka krenki, penye kibano cha kiti, na pale cheni inaporuka na kukwangua. Pitisha pamba, ikinasa nyuzi, huo si mkwaruzo wa rangi. Gonga kwa sarafu pia: mlio ukigeuka ghafla kuwa mzito mahali pamoja, shuku, ingawa unene wa kaboni nao hubadilisha mlio. Na bandua stika. Mimi niliwahi kununua fremu yenye stika nzuri ya bendera, nikaisifu njia nzima. Chini yake palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Ugonile fundi. Magurudumu ya baiskeli yangu ya triathloni ni madogo, fundi wa hapa anasema tairi la 26 la baiskeli ya mlima litaingia. (Tukuyu)

Ndaga, kaka. Haliingii. Baiskeli nyingi za zamani za triathloni zina rimu ya kipenyo cha milimita 571, ya mlima ni 559, na zote huitwa inchi 26. Hata 28 ina mtego: rimu ya mbio ni 622, ya Phoenix ni 635. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukikuta 571, hesabu kwamba kila tairi utaliagiza mbali.

Naishi Ilula. Rimu za kaboni zitahimili mteremko wa Kitonga? (Ilula)

Kama breki zinabana rimu, mimi nisingethubutu. Ukishikilia breki mteremko mzima, rimu hupata joto na gundi iliyomo hulegea. Tafuta rimu za alumini, za kaboni zibaki kwa tambarare. Ukiwa na za kaboni tu, weka raba za breki zilizotengenezwa kwa kaboni, na ubane kwa nguvu kisha uachie. Na usilale kwenye pembe ukishuka: breki haziko pale mikono ilipo, na malori ya Tunduma hayakusubiri.

Kwa Mbeya, kweli inafaa? (Uyole)

Kwa wengi wenu, hapana. Raha yake ni barabara iliyonyooka, kama kule bondeni Usangu, Chimala kwenda Igawa. Nyingi za zamani huja na gia nzito, meno 53 mbele na 23 nyuma. Pandisha nayo kutoka mjini uone. Nunua baiskeli ya kawaida ya mbio, uifunge pembe za kulalia. Ukiing'ang'ania hii, kwanza uliza kama derela ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) inakubali gia ya meno 28.