Maswali yenu ya winta: mwageni maji kwanza, hita baadaye

Safari hii karibu maswali yote yametoka kwa watu wanaoosha madirisha Ulaya na Marekani, wale wa tenki kwenye vani, pampu, mpira mrefu na fimbo yenye brashi juu. Nimeyachagua haya sababu baridi imeshaingia na kuna watu watapoteza hela nyingi kwa vitu ambavyo dakika kumi za jioni zingeviokoa. Kazi mnaijua, kwa hiyo sianzi kueleza maji yanachujwaje.

Asubuhi nimewasha, pampu inanguruma ila maji hayatoki. Nimebadilisha betri, bado. Niifungue? (Leeds)

Izime. Kabla hujafungua chochote izime, maana hiyo pampu inasukuma barafu na ukiilazimisha unamalizia kuivunja. Betri haihusiki kabisa.

Na usimwagie maji yaliyochemka, najua ndiyo kitu cha kwanza mtu anachofikiria. Plastiki ya baridi ukiipiga na maji ya moto inapasuka. Ingiza gari sehemu ya joto, au washa hita ya gari mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, au ing'oe pampu uingize ndani ikae kwenye beseni, iyeyuke polepole. Ikishayeyuka ndiyo uiangalie vizuri, kichwa cha pampu pale kinapoungana na mwili, halafu fitingi za shaba kwenye uzi wake, halafu vikombe vya filta upande wa chini. Ufa hauonekani wakati barafu bado ipo sababu barafu yenyewe ndiyo imeuziba, kwa hiyo mtu anasema asante Mungu kimepona, anaenda kazini, saa sita mchana kila kitu kimeyeyuka na nyuma ya vani ni bwawa.

Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Kwenye tenki yana nafasi ya kupanda juu. Kwenye kichwa cha pampu hayana pa kwenda. Ndiyo maana kila mwaka nasema tenki si tatizo lako, tatizo lako ni yale maji kidogo yaliyobaki kwenye vitu vidogo, na kila mwaka watu wananitumia picha za tenki walilolivisha blanketi huku pampu iko uchi pembeni.

Jioni fanya hivi. Funga valvu ya tenki. Chomoa mpira kwenye fimbo, uache mdomo wake chini kabisa. Washa pampu sekunde chache isukume yaliyobaki (hizi za dayaframu zinavumilia kukauka kidogo, haziungui), izime, legeza fitingi ya kuingilia na ya kutokea ili maji yachuruzike. Fungua vikombe vya filta umwage. Fimbo usiilaze, isimamishe mpira wa ndani ujimwage, brashi iingize ndani ya nyumba sababu zile jeti zake ndogo ndiyo zinaganda kabla ya vyote. Roli ya mpira, lile gurudumu la kuviringia mpira, ndiyo ngumu, maji yanakaa kwenye kile kiungio kinachozunguka, na pale hakuna ujanja, ama upulize kwa kompresa ndogo kwa presha ya chini ama uchomoe mpira uingize ndani.

Nikiweka chumvi kwenye tenki haitaganda, si kweli? (Coventry, na wengine wengi)

Hapana. Nimeshalijibu hili hadi nimechoka. Unalipia rezini na membreni ili utoe chumvi kwenye maji, halafu unairudisha kwa mkono wako? Dirisha litabaki na madoa meupe na fitingi zitaliwa na kutu.

Basi kulanti ya gari?

Hapana tena, na hapa naomba mnisikilize. Kulanti nyingi za gari zina ethilini glaikoli, ni sumu, na ina utamu ndani yake, paka na mbwa wanailamba na wanakufa, mtoto naye anaweza kuilamba. Unachopiga kwenye dirisha la mteja kinashuka kwenye maua yake, kwenye bakuli la mbwa wake, kwenye baiskeli ya mtoto wake. Usiweke. Ukiona mwenzako anaweka, mwambie.

Nataka kuweka hita ndani ya vani usiku kucha, ipi ni nzuri? Nina ile ya gesi ya kambini tayari. (Reading)

Hiyo ya gesi itoe kwenye gari leo. Sio kesho. Kitu chochote kinachowaka moto ndani ya sehemu iliyofungwa, gesi, mafuta ya taa, mkaa, kinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na wewe asubuhi unafungua mlango unaingia kichwa kizima kutafuta mpira. Na jamani, mkaa nautaja sababu watu wetu bado wanaingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba wakiona baridi, Ulaya na nyumbani pia, na wanalala wasiamke.

Unayoitaka ni hita ndogo ya umeme, ile ya bomba wanayoweka kwenye vibanda vya mimea, yenye themostati inayowaka joto likishuka karibu na nyuzi 4 au 5. Haili umeme mwingi. Kazi yake ni kuzuia barafu tu, sio kukupashia gari, kwa hiyo usinunue lile dubwana la feni. Ifunge isiguse mpira wala matambara. Umeme upitie kifaa cha kukata umeme ukivuja, sababu unaweka waya karibu na maji. Na ekstensheni ya kuzungusha uikunjue yote, ikibaki imeviringwa inapata joto hadi inayeyuka.

Ila nakurudisha kwenye swali la kwanza: umeme ukikatika saa tisa usiku, au jirani akichomoa waya wako, hita haipo. Pampu tupu haijali. Hita ni ya yale mabaki uliyoshindwa kuyatoa, sio ya kukufanya uende kulala bila kumwaga.

Simu inasema nyuzi 2 lakini inahisi kama -5. Mpira utaganda? (Malmö)

Upepo hauwezi kushusha kitu kikavu chini ya joto la hewa yenyewe. Hiyo "inahisi kama" ni ya ngozi yako. Hewa ikiwa nyuzi 2, upepo unaharakisha tu mpira wako kufika nyuzi 2, hauupeleki -5.

Lakini usishangilie. Usiku ambao mbingu haina mawingu, nyota zote zinaonekana na hakuna upepo, paa la gari linapoteza joto lake kwenda juu na linashuka chini ya hewa iliyolizunguka, ndiyo unakuta umande umeganda kwenye kioo wakati utabiri ulisema nyuzi 2 au 3. Mimi nikiona 3 kwenye utabiri na mbingu iko wazi namwaga kila kitu, sisubiri sifuri.

Mpira unaganda nikiwa kazini kabisa, natoka nyumba moja kwenda nyingine.

Mpira mwembamba wa milimita 6 ukilala kwenye saruji ya baridi bila maji kutembea, hauchukui muda. Usiuache chini ukanywe chai, uviringe uurudishe garini. Na anza na upande wenye jua.

Bosi anasema barafu sio sababu, ratiba ni ratiba. Juzi nimeosha duka, maji yameganda mlangoni na mama mmoja ameteleza. Kosa la nani? (Birmingham)

Dada, pole, na naamini huyo mama hakuvunjika.

Hapa ndipo nataka watu wote wasome. Tunaongelea pampu kuganda kama vile ndiyo hasara kubwa ya winta. Pampu inanunuliwa. Nyonga ya bibi wa miaka sabini hainunuliwi. Fimbo ya maji inamwaga lita na lita chini, na ardhi ikiwa imeshaganda hata kama hewa imepanda hadi nyuzi 1 au 2, yale maji yanageuka kioo ambacho mtu hakioni, anaona tu saruji iliyolowa. Kwa hiyo kabla hujafungua maji gusa chini kwa kiatu. Ikiwa imeganda, sehemu wanayopita watu usioshe kwa fimbo, osha kwa ndoo na kitambaa na raba ya kuvutia, maji nusu kikombe yanatosha dirisha zima. Ukimaliza mwaga chumvi ya barabarani pale palipolowa, beba mfuko garini muda wote. Chumvi mahali pake ni chini, sio kwenye tenki!

Kuhusu bosi: Uingereza sheria ya afya na usalama kazini ya 1974 inamwekea mwajiri wajibu kwako na kwa wapita njia pia. Na sheria ya haki za ajira ya 1996, kifungu cha 44, inakulinda usiadhibiwe ukiondoka mahali ambapo una sababu ya kuamini pana hatari kubwa ya papo hapo. Mwandikie ujumbe, usimpigie. Andika saa, mahali, joto, na kwamba chini pameganda, piga picha. Watu wetu wengi wanaogopa kusema sababu ya makaratasi au sababu kazi wamepewa na ndugu, naelewa, lakini siku mtu akianguka yule bosi ndiye atakayesema hakukutuma.

Huku Minneapolis ni -20, mwenzenu nafanyaje? Wateja wa maduka wanataka kila wiki.

Fimbo iweke stoo, mdogo wangu, -20 hakuna maji ya kupitisha kwenye mpira. Wanaofanya kazi huko wanatumia ndoo na maji ya winta ya kuoshea kioo cha mbele cha gari, yale yaliyoandikwa kiwango chake cha baridi, au wanachanganya spiriti kwenye maji. Lowesha kidogo, vuta haraka, dirisha moja moja. Jua kwamba hayo maji ya gari huko Marekani mengi yana methanoli, ikinywewa inapofusha na inaua na kwenye ngozi inapita, kwa hiyo glavu za raba, usiyatumie ndani ya chumba kilichofungwa, na usiyahamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa HATA SIKU MOJA. Rangi yake ya bluu mtoto anaona juisi.

Membreni ya RO (ile ya kuchujia chumvi kwenye maji) imeganda, nikiiyeyusha itachuja?

Itapitisha maji, kuchuja ni habari nyingine. Pima chumvi iliyobaki kwenye maji, namba ikiwa imepanda nunua nyingine. Na mpya ikae ndani ya nyumba, ikiwa na unyevu wake.

Nikitumia maji ya moto kwenye tenki si nitakuwa nimemaliza?

Kwenye mpira yanasaidia. Kwenye kioo chenye barafu yakiwa ya moto sana kioo kinaweza kupasuka, na yakifika chini yanaganda vilevile. Na ile mashine ya kuchemshia ina mabomba membamba ndani, nayo imwage.

Mimi ni mwongoza watalii wa Kilimanjaro, sio muosha madirisha, ila usiku wa kileleni kutoka kambi ya Barafu mrija wa mfuko wa maji wa wageni unaganda kila mara. (Moshi)

Swali zuri kuliko mengi ya leo. Mgeni akishakunywa apulize maji yarudi kwenye mfuko, mrija ubaki mtupu, ni kanuni ileile. Chupa zibebwe ndani ya begi zimepinduliwa, barafu inaanzia juu, kwa hiyo ukigeuza mdomo unakuta uko wazi. Na wasiutegemee mrija peke yake.

Naenda Tanga Desemba wiki nne, gari naliachaje?

Hita usiiache ikiwaka, wiki nne bila mtu wa kuangalia ni kutafuta moto. Mwaga tenki lote, valvu zote ziache wazi, vikombe vya filta vifunguliwe, pampu na membreni ziingie ndani, betri ichomoe. Bomba la nje la nyumba lifungie kwa ndani kisha ulifungue nje litoe maji yake. Na mwachie ufunguo mtu anayejua valvu ya maji ya nyumba ilipo, umwoneshe kwa mkono kabla hujaondoka, usimwelekeze kwa simu ukiwa baharini.