Naibu, makamu, kaimu: ushauri kwa wanaoanza kazi ya habari

Vijana wanaoingia kwenye dawati letu la habari za Kiswahili huja na kalamu nzuri. Wanajua kusimulia na wanajua kuuliza maswali. Lakini kuna sehemu moja inayowasumbua karibu wote, nayo ni vyeo vya watu wanaosimama mahali pa wengine. Naibu anaandikwa kaimu, kaimu anaandikwa mkuu, na aliyetumwa kusoma hotuba tu anageuka mwenye hotuba. Hili naliona zito, kwa sababu cheo kinamwambia msomaji nani ana mamlaka ya kuamua na nani wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Kabla hujaandika cheo, jiulize mwenye nafasi yuko wapi. Kama yupo na anaendelea na kazi, aliye chini yake ni naibu, makamu au msaidizi, kadiri ofisi yenyewe inavyomwita. Kama amesafiri, anaumwa, amesimamishwa, au kiti kimebaki wazi, anayeshika kazi kwa muda ni kaimu. Kama ameondoka moja kwa moja na mwingine ameteuliwa na kuthibitishwa, huyo mpya ni mrithi wake, na neno kaimu haliruhusiwi tena kukaa mbele ya jina lake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja. Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta alipokwenda kwenye mahakama ya The Hague, alitia saini waraka wa kumwachia William Ruto kazi. Kwa muda ule mfupi Ruto alikuwa Naibu wa Rais na pia Kaimu Rais. Kenyatta aliporudi, ukaimu ukaisha na unaibu ukabaki.

Usidhani kwamba kiongozi akifariki, wa pili wake huwa kaimu kila mahali. Katiba ndiyo inayosema. Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, katiba ya Kenya ya wakati ule ilimpa makamu wake siku 90 za kukaimu huku mrithi akitafutwa. Kwa hiyo Daniel arap Moi alikuwa kaimu rais mpaka alipoapishwa kuwa rais kamili tarehe 14 Oktoba. Tanzania haina kipindi hicho. Ibara ya 37 ya Katiba inasema Makamu wa Rais ataapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapa kuwa Rais. Ukimwandika kaimu rais, hata kwa siku moja, umeandika cheo ambacho hakikuwapo.

Bungeni ni tofauti tena. Job Ndugai alipojiuzulu uspika Januari 2022, Tulia Ackson alikuwa Naibu Spika, lakini kiti hakikumwangukia. Aligombea, akachaguliwa na wabunge Februari mosi. Kwa hiyo usiandike “amepanda” au “amerithi” pale ambapo kura imepigwa.

Naibu na makamu ndiyo maneno yanayochanganya zaidi, hasa kwa anayeandika habari za nchi zote mbili. Kenya walikuwa na Makamu wa Rais. Katiba ya 2010 ikaleta Naibu wa Rais. Tanzania makamu ni wa Rais, na manaibu ni wa mawaziri. Zanzibar, tangu 2010, wana Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais, na kazi zao hazifanani: wa Pili ndiye anayeongoza shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi. Ukiandika “Makamu wa Rais wa Zanzibar” bila kusema ni yupi, msomaji hajui unamzungumzia nani.

Vyuo vikuu vya Tanzania vinahitaji uangalifu wa pekee. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji mkuu, anayeendesha chuo siku kwa siku. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, na ndiye anayetunuku shahada kwenye mahafali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi kimekuwa na Jakaya Kikwete katika nafasi hiyo. Ukitaka majibu kuhusu ada au mgomo, mtafute makamu, na usimwandike kama mtu wa pili.

Kanisa Katoliki nalo lina lugha yake, na ni lugha makini. Askofu msaidizi anamsaidia askofu wa jimbo na hana ahadi ya kurithi. Askofu mwandamizi ameteuliwa akijulikana kabisa kwamba ndiye atakayefuata. Yuda Thadei Ruwa'ichi alikuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Dar es Salaam tangu 2018, na Kardinali Pengo alipong'atuka Agosti 2019 hapakuhitajika uteuzi mwingine. Lakini katika ofisi za kawaida, mwandamizi ni mtu wa ngazi ya juu tu, si mrithi. Jimbo likiwa halina askofu, utakutana na msimamizi wa kitume, yaani aliyeteuliwa na Papa kuliongoza kwa muda. Usimpunguzie wala kumwongezea.

Sasa hotuba, na hapa nawaomba msome polepole. Mara nyingi mgeni rasmi ni waziri, lakini anayefika ni mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya akisoma karatasi aliyopewa, maneno ni ya waziri: andika “alisema waziri katika hotuba iliyosomwa kwa niaba yake na” fulani. Akiiweka karatasi pembeni na kuanza kuonya watendaji wa kata kwa maneno yake, hayo ni yake, na waziri asibebeshwe. Basi uwe na nakala ya hotuba mkononi wakati inasomwa, uweke alama pale msomaji anapotoka nje yake. Nimeona wasemaji wa wizara wakikana kauli ambayo kweli haikuwa ya waziri, na mwandishi hana cha kuonyesha.

Barua za serikali zina mtego wa namna hiyo hiyo. Chini kabisa utaona “Kny: Katibu Mkuu” na saini. Kny ni kwa niaba ya. Aliyetia saini si katibu mkuu, hata kama jina lake ndilo pekee lililopo kwenye ukurasa. Uamuzi ni wa ofisi ya katibu mkuu, na saini ni ya ofisa aliyeruhusiwa. Andika hivyo, kisha piga simu masjala uulize cheo kamili cha ofisa huyo.