Kidirisha Kinachodai Nenosiri Kila Mara

Swali: Ninasoma barua za Gmail kwa Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta. Nenosiri ninaloandika ndilo hilo hilo linalofungua Gmail kwenye kivinjari, lakini kidirisha kinarudi tena na tena. Ninakosea wapi?

Jibu: Hukosei kuandika. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuziondolea akaunti za watu binafsi njia ya zamani ya kuingia, ambapo programu ilikuwa ikituma jina na nenosiri la kawaida kwenye seva. Kwa hiyo hata ukiliandika sawasawa mara ishirini, litakataliwa mara ishirini. Fungua mipangilio ya akaunti ndani ya Thunderbird, ingia kwenye mipangilio ya seva, na panapotajwa njia ya uthibitishaji uchague OAuth2, yaani njia mpya ambapo unaingia kwa Google yenyewe badala ya kuipa programu nenosiri. Dirisha la Google lenyewe litafunguka, nawe ukishaingia humo Thunderbird itapewa kibali chake, bila kuhitaji kulihifadhi nenosiri lako. Wengi huishia hapo, kisha hushangaa kuona barua zinaingia lakini hazitoki. Seva ya kutuma ina mipangilio yake, ambayo huwekwa chini kabisa ya orodha ya akaunti, nayo ibadilishwe vivyo hivyo. Iwapo dirisha la Google litagoma kukamilisha kazi, hakikisha Thunderbird haijazuiwa kupokea kuki (cookies), vijifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kompyuta.

Swali: Programu yangu ni ya zamani, haina OAuth2. Je, niitupe?

Jibu: Kwa Gmail, bado unaweza kuivumilia. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (ambapo juu ya nenosiri unathibitisha kwa njia ya pili, kama simu) kwenye akaunti yako, kisha utengeneze nenosiri la programu, yaani herufi 16 ambazo Google hukupa ili uziandike mahali pa nenosiri la kawaida. Ujue tu kwamba siku utakapobadilisha nenosiri la akaunti, hayo ya programu hufutwa, na kidirisha kitakurudia. Kwa anwani za Outlook.com, njia ya zamani ilifungwa tarehe 16 Septemba 2024, hivyo huko sina budi kukushauri upate programu mpya.

Swali: Nilibadilisha nenosiri la kazini wiki iliyopita. Sasa Outlook inaniuliza kila baada ya dakika chache, na jana akaunti ilifungwa kabisa.

Jibu: Acha kwanza kubahatisha, kwa kuwa seva nyingi za ofisi hufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindwa. Huenda Windows bado inalikumbuka nenosiri la zamani na kulipeleka kwa niaba yako. Funga Outlook, fungua Credential Manager, mahali Windows inapohifadhi manenosiri, iliyomo ndani ya Control Panel, ufute kumbukumbu zinazotaja Office, Outlook au seva ya ofisi yako, kisha uiwashe Outlook upya na uandike nenosiri jipya mara moja. Usiisahau simu yako: kama nayo inapokea barua za kazini kwa nenosiri la zamani, inaweza kuwa ndiyo inayokufungia akaunti ikiwa mfukoni.

Swali: Kila umeme unapokatika, tarehe ya kompyuta yangu ya mezani hurudi nyuma miaka kadhaa, na barua pepe hukataa kuunganishwa. Kuna uhusiano?

Jibu: Upo. Vyeti vya usalama, ambavyo seva hutumia kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe, vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta iliyorudi nyuma huviona kama havijaanza kutumika. Rekebisha saa, kisha umwombe fundi abadilishe betri ndogo bapa iliyo kwenye ubao mkuu, inayoiendesha saa umeme ukikatika, ambayo mara nyingi ni CR2032. Nenosiri usiliguse.