Kumhimiza mgonjwa wa figo aliye kwenye mashine aanze kujongea: tuliyojifunza kwa mama yetu

Ndugu mleta mada, pole sana kwa kuuguliwa na mzee. Umeeleza kwamba baba yako, fundi seremala wa Mbagala, ana miezi saba tangu aanze kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi), kwamba anashinda kitandani, na kwamba kila ukimtajia mazoezi anakujibu kuwa kazi ya mgonjwa ni kupumzika. Unauliza umshawishi vipi bila kugombana naye. Mimi nimemuuguza mama yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka mitano akiwa kwenye mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona, pamoja na tuliyoelezwa na daktari wake wa figo na mtaalamu wa fiziotherapia.

Nianze na kosa letu, kwa kuwa naona dalili zake katika maelezo yako. Mama alipoanza matibabu, nyumba nzima ilishikana kumhurumia. Wajukuu walimpelekea maji ya kunawa pale alipoketi, wakwe zake walimpokonya ufagio, na mimi mwenyewe nilimkataza hata kuanika kanga zake. Jioni moja, baada ya miezi michache ya utunzaji huo, alikaa kwenye mbuzi ili akune nazi kama zamani, na alipomaliza nusu ya kwanza hakuweza kuinuka. Alishika ukuta, akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, magoti yakatetemeka, kisha akageuza uso tusimwone. Tulimwinua watu wawili. Ugonjwa ulikuwa umemchukulia nguvu nyingi, na sisi kwa huruma yetu tulikuwa tunammalizia zilizobaki.

Daktari alitufafanulia kwamba misuli ya mgonjwa wa figo hupungua kwa sababu kadhaa zinazosaidiana: asidi na uchafu unaobaki mwilini, hamu ya chakula inayopotea, virutubisho vya protini vinavyotoka kidogo kidogo kila anapounganishwa kwenye mashine, na kutotumika kwa misuli yenyewe. Ndiyo maana mgonjwa aliyekwisha kuanza dayalisisi huhitaji protini ya kutosha, samaki na mayai, tofauti na masharti aliyopewa kabla ya kuanza, na familia nyingi huendelea kumnyima kwa kufuata ushauri wa zamani. Saa 12 za mashine kwa wiki hazikwepeki. Zinazoweza kurekebishwa ni zile saa nyingine za wiki.

Naomba pia, kabla ya kumwona mzee kuwa amekata tamaa au amekuwa mvivu, ulizia kiasi cha damu yake, yaani kipimo cha hemoglobini. Figo zinapokufa, homoni inayouamuru mwili kutengeneza damu hupungua, na mgonjwa huwa na upungufu wa damu ambao si rahisi kuuona kwa macho. Tulimlaumu mama kwa majuma mengi kumbe kipimo chake kilikuwa 7. Alipopewa sindano za erithropoietini, ambayo ndiyo homoni hiyo, pamoja na madini ya chuma, na kipimo kikapanda hadi kukaribia 10, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kutolewa nje akae barazani. Mtu mwenye damu ya 7 akikuambia amechoka, amechoka kweli, na hakuna maneno ya kumtia moyo yatakayochukua nafasi ya sindano.

Jambo la pili ni siku na saa, na hapa nilikosea vibaya. Nilikuwa nimesikia kwamba kutembea ni dawa, basi Jumatano moja, tulipotoka kwenye mashine, nikamshusha mama kwenye bajaji mbali kidogo na nyumbani ili atembee sehemu iliyobaki. Alifika getini akashikwa na kizunguzungu, akaketi chini kwenye mchanga, jasho jembamba likimtoka. Siku ya mashine maji mengi huvutwa mwilini, na presha inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye. Jioni hiyo mgonjwa aachwe alale. Tangu hapo tulishika Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Jumapili tunakwenda polepole zaidi, kwa sababu baada ya mapumziko ya siku mbili ndipo maji na madini ya potasiamu hujikusanya kwa wingi, na moyo huwa na mzigo mkubwa kuelekea Jumatatu alfajiri.

Kuhusu namna ya kumwanzisha, ushauri wangu ni kwamba uliache neno mazoezi. Kwa mama, mazoezi yalikuwa ni wale vijana wa vikundi vya jogging wanaopita Jumapili asubuhi wakiimba, wamevaa jezi za rangi moja, na kila tulipolitamka alijiona anachekwa. Mtaalamu wa fiziotherapia alituonyesha jambo dogo sana: kiti imara cha mbao, kilichoegemezwa ukutani, chenye mto juu ili kisiwe kifupi mno, na mgonjwa ainuke na kuketi tena bila kuharakisha, mtu akiwa karibu. Siku ya kwanza aliinuka mara 3. Alihesabu kwa tasbihi yake, akisogeza punje moja kila anaposimama wima, na ikawa ni desturi yake baada ya kifungua kinywa. Sisi hatukumkumbusha tena. Baada ya wiki kadhaa alifika 10, tukauondoa mto.

Matembezi nayo tuliyapa sababu. Badala ya kumwambia atembee, tulimwambia vitunguu vimekwisha na kwamba mwenye genge anamuulizia. Kutoka mlangoni kwetu hadi gengeni kuna nguzo tano za umeme. Mwanzoni alifika ya pili, akapumzika kwenye benchi la duka, akarudi. Nasi hatukumsindikiza kwa kumshika mkono, ila mjukuu mmoja alimfuata nyuma akiwa na kiti cha plastiki. Kipimo tulichopewa ni maneno: awe anaweza kuzungumza huku akitembea. Akishindwa kumalizia sentensi, anasimama.

Usidhani kiasi hicho ni kidogo mno kusaidia. Nchini Italia kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 296 wa dayalisisi, ambapo kundi moja lilitembea nyumbani katika siku zisizo za mashine, dakika 10 mara mbili kwa siku. Baada ya miezi sita, umbali ambao kundi hilo liliweza kutembea kwa dakika sita uliongezeka kwa wastani kutoka mita 328 hadi 367, ilhali waliobaki na matibabu ya kawaida hawakubadilika. Mita 39 ukizisoma kwenye karatasi hazitishi, lakini hapa kwetu ndizo zinazotenganisha mtu anayefika msikitini na anayeswali chumbani.

Umeuliza pia kuhusu baiskeli za kitandani, zile pedali ambazo mgonjwa hukanyaga akiwa kwenye mashine, kwa kuwa kituo chenu hakina. Matokeo yake yanatofautiana. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2021 haukuona badiliko la maana katika hali ya maisha ya waliokanyaga pedali wakiwa kwenye mashine, na mwingine wa Ujerumani wa mwaka 2023, uliokuwa na wasimamizi wa mazoezi na uliochanganya pedali na mazoezi ya kutia misuli nguvu, uliwaona wagonjwa wakiinuka kitini mara nyingi zaidi. Kwa hiyo usisikitike kwa kukosa kifaa. Muuguzi wetu alimruhusu mama akunje na kukunjua vifundo vya miguu na kuinua mguu mmoja mmoja, katika saa mbili za kwanza tu, kwa kuwa baadaye presha huteremka na misuli hubana. Mkono wenye sindano unabaki umetulia.

Kuhusu mkono huo wa fistula, yaani mahali mishipa ya damu ilipounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe, usimfanye auogope kama yai. Ukiuwekea vidole utahisi mtetemo, mfano wa nyuki walio ndani ya mzinga, nao unapaswa kuwapo kila siku. Ukipotea, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Fistula ikiwa mpya, asibebe ndoo wala mizigo kwa mkono huo, lakini daktari wa upasuaji akiruhusu, kubana mpira laini mara nyingi kwa siku huisaidia kukomaa. Mwenye mpira wa shingoni, yaani mrija wa kuunganishia mashine kwa asiyetumia fistula, aepuke kutokwa jasho jingi linalolowesha bandeji, kwa sababu ya maambukizi.

Joto la jiji hili nalo lina mtego wake. Mtu akitembea hupata kiu, na muuza madafu yuko kila kona. Mama alikunywa dafu moja tu kwa ukarimu wa jirani, na kipimo kilichofuata potasiamu ilikuwa juu, tukaonywa kwamba ingeweza kuusimamisha moyo. Sasa hutoka baada ya alfajiri au baada ya alasiri, husukutua kinywa kwa maji baridi, na kipande cha barafu anachomung'unya huhesabiwa katika maji yake ya siku. Siku akiwa na homa, maumivu ya kifua, miguu iliyovimba kupita kawaida, au kama amekosa zamu ya mashine, habari ya kutembea haizungumzwi kabisa.

Mama bado yuko kwenye mashine na siku zake mbaya zipo. Lakini anakaa kwenye mbuzi, anakuna nazi mbili, anainuka peke yake, ingawa tui lenyewe hulionja kwa kiasi.

Kwa baba yako nisingeanza na matembezi. Umeandika kwamba sanduku lake la vifaa limefungiwa stoo ili asijiumize. Omba kwanza ruhusa ya daktari, hasa kuhusu moyo na presha, kisha asubuhi isiyo ya mashine mtolee ubao mdogo na msasa, aketi kwenye benchi refu, na ubao wa pili uwekwe upande mwingine wa ua ili ainuke kuufuata. Mwombe akutengenezee kitu ambacho nyumba inakihitaji kweli, kigoda au rafu, kwa sababu fundi hutambua upesi kazi ya kubembelezwa. Randa na msumeno visubiri, na siku ya mashine asiguse chochote chenye makali, kwani hupewa heparini ya kuzuia damu kuganda na jeraha dogo huchelewa kukauka.

Ukijibu, tafadhali taja fistula yake iko mkono upi na ina muda gani, au kama bado anatumia mpira wa shingoni, pamoja na kiasi cha damu katika kipimo chake cha mwisho, maana kwa hayo ninaweza kukuambia ni wapi tulianzia sisi mama alipokuwa katika hali hiyo.