Kwa Anayeanza Kuchunguza Filamu za Uchi za Ulaya

Ukianza kuchunguza filamu za uchi zilizotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1960 na 1970, utavutwa kuwafuata waongozaji, kwa kuwa waandishi wengi wamewatanguliza hao. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima kwa njia hiyo, na ndiyo maana ninakusihi uanze na waigizaji wa kike, ambao sura zao ndizo zilizobandikwa kwenye mabango na kuuza tiketi.

Usiyaamini haraka majina yanayopita kwenye skrini. Soledad Miranda, mzaliwa wa Seville, aliandikwa Susann Korda katika baadhi ya filamu alizofanya na mwongozaji wa Hispania Jesús Franco, wakati Hispania ingali chini ya udikteta. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Ureno mwezi Agosti 1970, akiwa na umri wa miaka 27, na filamu iliyomjengea jina zaidi ilitoka mwaka uliofuata. Lina Romay naye, mwigizaji mwingine wa Hispania, jina lake halisi lilikuwa Rosa María Almirall. Fungua daftari, na kila mwigizaji umpe ukurasa wenye majina yake yote.

Jambo la pili, ambalo lilinigharimu zaidi, ni nakala. Kwa sababu ya wakaguzi wa serikali, watayarishaji wa Hispania walizoea kupiga onyesho moja mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya nyumbani, mara ya pili kwa ajili ya kuuzwa nje. Nimewahi kuziweka nakala mbili kando kwa kando: kitanda ni kile kile, taa ni ile ile, lakini katika moja mwanamke amejifunika shuka hadi mabegani, na katika nyingine shuka limeachwa lianguke. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa nyingi kuhusu onyesho hilo nikiwa nimeona nakala moja tu, na ilinibidi nizifute. Tena wako wasambazaji walioongeza vipande vya ngono vilivyopigwa baadaye na watu wengine. Kwa hiyo usimhesabie mwigizaji kitendo ambacho hakukifanya. Hata sauti unayoisikia huenda si yake, kwani Italia filamu karibu zote ziliingiziwa sauti studioni baada ya kupigwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakutana mapema na filamu ya Italia ya mwaka 1975 iliyopigwa Kenya, ambamo Laura Gemser, mzaliwa wa Surabaya nchini Indonesia, anacheza mpigapicha wa habari anayefika Nairobi. Jina la mhusika huyo, Emanuelle, liliandikwa kwa “m” moja ili kukwepa mgogoro na Emmanuelle, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1974 iliyompa umaarufu Sylvia Kristel. Itazame polepole. Waafrika wamewekwa humo kama mandhari, sawa na wanyama na machweo, na huo ni uchunguzi ambao wewe unaweza kuufanya vizuri kuliko mtafiti wa Roma.

Mwisho, usimwache mwigizaji pale kamera ilipomwacha. Christina Lindberg wa Sweden aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa jarida la usafiri wa anga. Gemser ukimkosa miongoni mwa waigizaji, soma majina hadi kwa wabunifu wa mavazi: mwaka 1990 utamkuta huko.